Usiku wa Hisani na Asubuhi Yake

   Vuta kiti, msikilizaji. Kama kuna mtu anatazama televisheni, mwombe apunguze sauti kidogo, tuzungumze.

Leo nataka tuzungumze juu ya hafla za hisani. Unazijua. Kadi nzuri ya mwaliko, meza za watu kumi kumi, mshereheshaji mwenye koti linalong'aa, mgeni rasmi anayechelewa, bahasha nyeupe katikati ya meza, na baadaye mnada wa picha. Nazungumzia hasa zile zinazofanywa kuchangia taasisi za wasanii wetu: skuli za muziki, vikundi vya taarab, nyumba za wachoraji, makundi ya ngoma na maigizo. Nami nitasema mapema ninachotaka kusema, ili hata ukiitwa jikoni ukarudi, usitupoteze. Usiku wa hisani ni jambo jema. Lakini wema wake haujulikani usiku ule. Unajulikana asubuhi yake, na mwezi unaofuata, na mwezi wa pili yake, pale mwenye nyumba anapokuja kudai kodi.

Tuanze nyumbani. Wapo watu wanaodhani kuchangia wasanii ni mambo ya wageni, yaliyokuja na mabalozi na mashirika. Hivi kweli? Mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye taarab.

Kumbuka tu. Mwimbaji yuko mbele, fidla zinamjibu, naye anafika kwenye ubeti uliomgusa mtu. Mama mmoja anainuka kwenye kiti. Mtandio begani, noti ameikunja kati ya vidole viwili. Anakwenda mbele taratibu, kwa madaha, hageuki kulia wala kushoto, ingawa ukumbi mzima unajua maneno yale yanamwendea nani. Anaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, anazunguka nusu duara, anarudi zake kukaa. Hajasema neno, na kila mtu amesikia. Huko ndiko kutunza. Ni mchango, tena mchango wa hadharani, na hakuna aliyehitaji kadi ya mwaliko wala mgeni rasmi ili autoe.

Na ukirudi nyuma zaidi utakuta habari hiyo hiyo kwa sura nyengine. Taarab yenyewe, kama wazee wanavyotusimulia, ilikaa Unguja kwa sababu kulikuwa na mtu anayeilipia. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad bin Ibrahim Misri akajifunze ala ya kanuni, ili arudi apige nyumbani kwa mfalme. Hapo kuna mfadhili, kuna safari, kuna masomo. Baadaye watu wa mjini wakaona wasingoje hisani ya mfalme, wakaunda vyama vyao. Ikhwani Safaa ni cha 1905. Culture Musical Club ni cha 1958. Vyama hivi vimepita katika ufalme, mapinduzi na mfumo wa vyama vingi, na mpaka leo majina yao yapo. Vimewezaje? Kwa sababu vilikuwa na wanachama. Sisemi watazamaji. Nasema wanachama, watu wanaojua kwamba kile kitu ni chao, kikiharibika ni aibu yao.

Basi kuchangia tunakujua. Mkono wetu si mgumu. Ninachouliza jioni ya leo ni hiki: mkono huo unafunguka lini, na kwa kitu gani?

Twende sasa kwenye mfano mmoja, maana bila mfano tutabaki tunaimba hewani. Mwaka 2002 hapa Unguja kulianzishwa chuo cha muziki kisicho cha faida, Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki wa nchi za jahazi. Wengi wanakiita DCMA. Kwa miaka mingi kilikuwa katika jumba la zamani la forodha, pale Mizingani, mbele ya bahari. Ukipita chini barabarani jioni ulikuwa unasikia udi dirisha moja, ngoma dirisha jingine, na mtoto fulani anayepambana na fidla kwa ukaidi mkubwa, hajaipata bado, lakini haachi. Watoto wa Ng'ambo, watoto wa Mji Mkongwe, vijana wa kike na wa kiume. Kundi la Siti and the Band, ambalo limekwenda kupiga nje ya nchi, vijana wake walikutana katika chuo hicho. Chuo hakikuwa ndoto. Kilizaa.

Halafu mwaka 2019 vyombo vya habari vya kimataifa vikaandika kwamba chuo kiko hatarini kufungwa, fedha za wafadhili wa nje zimepungua mno. Mwaka uliofuata ikaja korona, watalii wakaondoka, hoteli zikafunga milango, na mpiga muziki aliyekuwa anapata riziki yake kwenye baraza za hoteli akabaki na ala yake mapajani.

Sasa msikilizaji, ili uone fedha za skuli ya muziki zinakwenda wapi, nataka nikupe kitu kimoja ukitazame kwa karibu. Kanuni. Umewahi kuiona kwa karibu, si kwenye jukwaa? Ni ubao mpana, upande mmoja umekatwa mshazari, nyuzi zake zinapita 70. Kila sauti ina nyuzi tatu, na hizo tatu zinatakiwa zilie kama uzi mmoja. Ukiwa na uzi mmoja uliolegea, masikio yote ya ukumbini yanajua. Mpigaji anavaa pete mbili za chuma kwenye vidole vya shahada, na ndani ya pete kila upande anachomeka kijiti cha kudonolea. Lakini kabla ya kupiga lazima aitengeneze. Anashika ufunguo wake mdogo, anainamisha kichwa karibu na ubao kama mtu anayesikiliza siri, anadonoa, anakaza, anadonoa tena, analegeza kidogo. Anahamia uzi wa pili. Sisi wengine wakati huo tunakunywa kahawa na kuuliza taarab inaanza saa ngapi.

Nyuzi zile si bidhaa ya kila duka. Mara nyingi huagizwa nje. Na hewa ya bahari, unaijua wewe mwenyewe inavyofanya mabati na bawaba za milango, haiionei huruma ala ya mbao na ngozi. Kwa hiyo skuli ya muziki ina gharama ambazo hakuna mtu anayetaka kupiga nazo picha. Nyuzi. Ngozi ya ngoma. Umeme. Kodi ya nyumba. Fundi wa kurekebisha udi uliopasuka. Na kubwa kuliko zote, mshahara wa mwalimu, huyu anayekuja Jumatatu, akaja Jumanne, akaja mvua ikinyesha, kumfundisha mtoto mmoja kitu kimoja mpaka kiingie.

Uliza mfadhili yeyote anapenda kulipia nini. Atakwambia anapenda kulipia mradi. Warsha ya siku tano. Tamasha. Santuri. Kitu chenye mwanzo na mwisho, chenye bango nyuma na nembo kwenye bango. Sawa, si vibaya. Lakini nani amewahi kuweka nembo yake juu ya bili ya umeme? Nani amewahi kualikwa azindue mshahara wa Novemba? Hapo ndipo skuli zetu zinapofia. Hazifi kwa kukosa vipaji. Zinakufa kwa bili ndogo ndogo zisizo na sherehe.

Na si skuli peke yake. Sauti za Busara unalijua, tamasha la Februari pale Ngome Kongwe. Lilianza 2004, na linaendeshwa na shirika lisilo la faida. Lilipofika mwaka 2016 halikufanyika. Sababu? Fedha hazikutosha. Likarudi 2017. Lakini Februari ile ya 2016, hebu pigia hesabu mwenyewe, nani alikosa? Tusihesabu wasanii tu. Mwenye teksi alikosa. Mwenye nyumba ya wageni alikosa. Mama wa urojo alikosa. Kila mtu alikosa kidogo, na kila mmoja alikuwa akidhani kwamba tamasha lile lina mwenyewe, kuna mahali fulani kuna mtu anayelilipia, halimhusu yeye.

Sasa turudi kwenye hafla yetu. Kadi, meza, bahasha.

Mimi nazipenda hafla hizi, nisije nikaeleweka vibaya. Nimekwenda nyingi. Ni vizuri mtu mwenye duka, na daktari, na mkurugenzi wa benki, wakae meza moja na mchoraji, wasikilizane. Wengine wao hawajawahi kumsikia mpiga udi akiwa hatua tatu kutoka kwao. Lakini kuna jambo moja limenikera kwa muda mrefu, na leo nitalisema wazi.

Nilikuwa katika hafla moja, sitaitaja wala sitawataja walioiandaa, hafla ya kuchangia wasanii. Ukumbi umepambwa, vitambaa vya satini, maua mezani. Nikatoka nje kidogo kupokea simu, nikapita karibu na mlango wa jikoni. Nikawakuta wapiga muziki wamekaa kwenye viti vya plastiki, ala zao zimeegemezwa ukutani, wanangoja. Walikuwa wamefika tangu alasiri kujaribu vipaza sauti. Chakula chao kilikuwa kije baada ya wageni kula. Nikamuuliza mmoja wao, mtu mzima, nimemzoea, "Ami, leo mnalipwa vizuri?" Akacheka. Akasema, "Leo tunachangia, mwanangu."

Tunachangia! Tafakari hapo, msikilizaji. Aliyepamba ukumbi alilipwa. Aliyepika biriani alilipwa. Mwenye ukumbi alilipwa, tena kwanza kabisa, kabla hata kiti hakijapangwa. Mpiga picha alilipwa. Mshereheshaji alilipwa. Askari wa mlangoni alilipwa. Mtu mmoja tu katika usiku ule aliombwa ajitolee, naye ndiye yule ambaye usiku wenyewe ulifanywa kwa ajili yake. Aliambiwa atajulikana. Kujulikana na nani? Mtu yule ameshapiga muziki katika mji huu miaka na miaka, mpaka paka wa Forodhani wanamjua.

Nakiri kwamba wapo wasanii wanaotaka wenyewe kujitolea kwa ajili ya chuo chao au chama chao. Hilo ni la kwao, na ni la heshima. Mtu akisema mwenyewe, "Usiku wa leo sitaki malipo, yapelekeni kwenye nyuzi za watoto," mpe mkono. Lakini msanii asiwekwe mahali ambapo akitaja malipo ataonekana mchoyo. Kamati imlipe kama inavyomlipa mpishi. Akitaka kuzirudisha fedha hizo, azirudishe kwa mkono wake mwenyewe, na atangazwe kama wanavyotangazwa wafadhili wengine. Kwa nini mwenye duka akitoa laki moja anapigiwa makofi, na mpiga kanuni aliyetoa usiku mzima hata jina lake halitajwi?

Umenisikia? Narudia. Msanii asipige bure katika usiku wa kumchangia msanii, ila kwa hiari yake.

Na mnada wa picha ni ndugu yake huyo huyo. Mchoraji anaombwa atoe picha. Anatoa, tena anatoa nzuri, maana ataionyesha mbele ya watu wakubwa. Mnadi anaanza. Ukumbi umeshiba, watu wanazungumza, mnadi anabembeleza, picha inakwenda kwa bei ambayo nikiitazama naona hata fremu haijarudisha gharama. Watu wanapiga makofi. Nani amechangia hapo? Mnunuzi amepata picha kwa bei ya kutupa. Chuo kimepata kidogo. Mchoraji amepoteza picha, na juu ya hayo bei yake imeshushwa hadharani, mbele ya wale wale ambao angeweza kuwauzia mwezi ujao. Dawa yake si ngumu. Iwekwe bei ya chini ambayo picha haiuzwi chini yake, na sehemu ya fedha irudi kwa mchoraji. Minada ya namna hiyo ipo, na mchoraji akirudishiwa nusu, mwaka unaofuata atakuja mwenyewe na picha mbili.

Wachoraji wetu, kwa kweli, wana somo la kutufundisha katika jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta, zile za kupakia vitu vya nyumbani, juu ya mbao za kubandikia dari, na picha zake zikauzwa Oysterbay, Dar es Salaam, pale Morogoro Stores. Alifariki 1972, kijana bado. Waliobaki, ndugu na wanafunzi wake, wakaendelea pamoja, na kufikia 1990 wakawa na ushirika wao wenyewe. Angalia vizuri: ushirika. Wanachora, wanauza, wanagawana, wanabishana, wakati mwengine wanagombana sana, lakini mlango uko wazi. Hawakusubiri hafla.

Katika mwaka huo huo wa 1972 ilianza Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa juhudi za mtawa mmoja wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Hapo ndipo alipopata kazi mtu mmoja kutoka kusini, Mmakonde, akiwa mlinzi wa usiku. Mlinzi huyo alikuwa anajua kuchonga. Wakampa nafasi, akachonga, akachora, na jina lake likaja kujulikana Ulaya na Marekani. George Lilanga. Alifariki 2005. Nyumba ile ilimlipia nini? Haikumfanyia hafla. Ilimpa mahali pa kukaa kufanya kazi, rangi, na watu wa kuzitazama kazi zake. Jengo lile la Nyumba ya Sanaa leo halipo, lilivunjwa. Kila ninapopita pale najiuliza, mlinzi wa usiku wa leo mwenye kipaji chake anagonga mlango gani?

Msikilizaji, nasikia kama unaniuliza: lakini si tuna wasanii matajiri siku hizi? Si wanaendesha magari ambayo sisi tunayaona kwenye simu? Kwa nini nimchangie mtu anayenishinda?

Swali zuri. Nalijibu hivi. Wapo, na Mungu awazidishie. Wimbo ukipendwa, soko linamlisha mwenye wimbo, na sheria za hakimiliki zipo pia, bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA, ambazo kazi yao ni kuhakikisha mwenye kazi anapata haki yake. Lakini soko linalipa wimbo uliokwisha kutengenezwa. Halimlipi aliyemfundisha mwimbaji kushika sauti. Halimlipi bibi anayejua ngoma ya msewe jinsi inavyochezwa na kwa nini. Halimlipi mwalimu wa kanuni mwenye wanafunzi wanne, ambao wawili hawana ada. Taasisi zisizo za faida zimewekwa kwa ajili ya watu hao.

Na neno hili, "isiyo ya faida", linawachanganya wengi. Si kwamba haina fedha, wala si kwamba watu wake wafanye kazi bila kula. Maana yake ni kwamba kinachobaki hakigawanywi kwa wenyewe kama gawio la kampuni. Kinarudi kwenye kazi. Kwa hiyo ukisikia mwalimu wa taasisi kama hiyo analipwa mshahara, usishangae. Shangaa ukisikia halipwi.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Hafla imekwisha, zimetajwa milioni kadhaa, watu wameshangilia. Zipo wapi?

Sehemu moja ni fedha taslimu na zilizoingia kwenye simu. Hizo zipo. Sehemu ya pili ni ahadi. Mheshimiwa amesimama, amesema anachangia kiasi fulani, makofi, picha, akaketi. Ahadi ni deni, tunasema kila siku, na katika hafla hizi ni deni ambalo mdai wake anaona haya kulidai. Katibu wa chuo cha muziki atampigia vipi simu mtu mkubwa mara ya nne? Kamati yenye busara inamteua mtu wa kufuatilia ahadi kabla ya hafla, tena mtu mwenye umri na heshima yake, asiyeogopa kupokewa simu na msaidizi. Kisha kuna gharama. Zikiondolewa ukumbi, chakula, mapambo na kadi, kimebaki nini? Nimewahi kuona mapambo yakimeza fedha ya kulipia walimu muhula mzima. Satini ile haiwezi hata kufunikia kanuni.

Na usidhani matatizo haya ni yetu sisi tu. Tarehe 1 Agosti 1971, New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, George Harrison aliyekuwa katika kundi la Beatles na Ravi Shankar, bingwa wa sitar kutoka India, walifanya maonyesho mawili kwa siku moja kuchangia wakimbizi wa Bangladesh. Ukumbi ulijaa mara zote mbili. Fedha za mlangoni zikafika UNICEF. Lakini fedha kubwa zaidi, za santuri na filamu, zilikwama Marekani kwa miaka mingi kwenye mikono ya watu wa kodi, kwa sababu shughuli ile haikuwa imeandaliwa tangu mwanzo chini ya shirika la hisani lililosajiliwa. Nia njema, majina makubwa, muziki wa ajabu, na makaratasi hayakukaa sawa. Wakimbizi walikuwa wanangoja.

Kwa hiyo makaratasi tusiyadharau. Kwa upande wa bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika hayo yatoe kila mwaka taarifa ya kazi na taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Hii si siri ya ofisini. Mchangiaji ana haki ya kuuliza, na kamati nzuri haichukii kuulizwa. Ikichukia, hapo umeshapata jibu.

Nikupe sasa ninachoona mimi, nawe utakubali au utanipinga. Sisi tuna kitu kimoja tunachokijua kuliko watu wengi duniani, nacho ni kamati ya harusi. Mtoto wa jirani anaoa, na miezi kabla kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna kundi la simu, kuna orodha, kuna anayekumbushwa asubuhi na anayekumbushwa usiku. Aliyetoa anatajwa, asiyetoa anakumbukwa. Fedha zinapatikana. Sasa nidhamu ile ile, na ukali ule ule wa mweka hazina, kwa nini tusiipeleke kwenye skuli ya muziki ya mtaani kwetu? Tofauti ni moja tu: harusi ni usiku mmoja, skuli ni kila mwezi.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ndogo sana, ya vidole. Tuseme watu 500 katika mji mzima, si matajiri, watu kama mimi na wewe, kila mmoja anatuma shilingi 5,000 kila mwezi kwa simu. Hiyo ni milioni mbili na nusu kila mwezi. Inakuja Januari, inakuja Februari, inakuja hata mwezi wa Ramadhani ambao hafla hazifanyiki, hata msimu wa masika ambao watalii hupungua. Mwalimu anajua atalipwa. Mwenye nyumba anajua atalipwa. Hakuna makofi, hakuna satini. Mimi ningechagua hiyo kuliko usiku mmoja wa milioni ishirini za mdomoni.

Halafu hafla ifanyike, kwa nini isifanyike? Ifanyike mara moja kwa mwaka, wale watu 500 waalikwe kama wanachama, wasikilize watoto wamefika wapi, wale haluwa, wanywe kahawa, mweka hazina asimame dakika tano asome: tulipokea hiki, tulilipa hiki, kimebaki hiki. Na wapiga muziki wawe wamekwisha kula.

Najua wapo watakaosema, ah, sisi kwetu tunachanga mtu akilazwa, au akifa. Na ni kweli, msanii akiugua tunaona namba ya simu inazunguka mitandaoni, na akifariki viongozi wanakuja, viti vinakodiwa, maturubai yanafungwa, kila mtu anaeleza jinsi marehemu alivyokuwa hazina ya taifa. Fedha iliyokodi maturubai ingenunua nyuzi za miaka mingapi? Sisemi tusizike watu wetu kwa heshima. Nasema hazina haitangazwi siku inayofukiwa.

Muda wetu unakaribia kwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Basi msikilizaji, kama mezani kwako wiki hii kuna kadi ya hafla ya namna hii, usiitupe. Ipigie simu ile kamati. Waulize mambo matatu kwa upole: wapiga muziki wanalipwa kiasi gani, picha za mnada zina bei ya chini au hazina, na baada ya gharama fedha zinalipia nini, mwezi gani. Wakikujibu vizuri, nenda, vaa vizuri, na bahasha yako iwe na kitu ndani. Wakishindwa kukujibu, basi tafuta skuli ya muziki, au nyumba ya wachoraji, au kikundi cha ngoma kilicho karibu na kwako, ingia mlangoni, muulize mwalimu bili gani inamsumbua mwezi huu, uilipe.